Mtoto machachari asigeuzwe malaika kwenye tanzia

Mhariri,

Tanzia za watoto waliofariki kwa saratani zinafanana kupita kiasi. Marehemu alikuwa mpole, mtiifu na mvumilivu. Aliugua, akapambana, akapumzika. Soma tatu kwa mpigo, hutajua yupi ni yupi. Lakini yeyote aliyewahi kuhudumia wodi za watoto hawa anajua kwamba wengi wao upole hawakuwa nao. Ni watoto waliopanda stendi ya dripu na kuiendesha koridoni kama pikipiki, waliomwambia daktari asubiri kwanza katuni iishe, waliokubali sindano kwa sharti la kuhesabu wenyewe mpaka tatu, kisha wakifika mbili wanaanza upya. Mtoto wa namna hiyo akiandikwa kuwa alikuwa mpole, wenzake wa darasani wenyewe hawatamtambua.

Sisi wahudumu wa wodi ya saratani ya watoto tunaomba nafasi tueleze namna ya kumtunza mtoto machachari kwenye kumbukumbu jinsi alivyokuwa, utukutu wake wote ukiwemo. Ni kazi ya mikono, inayotaka kuwahi, na sehemu yake nzuri zaidi hufanyika mtoto akiwa bado yupo.

Kinachofunika sura ya mtoto kwanza ni ugonjwa wenyewe. Lukemia ya limfoblasti, saratani ya damu inayoongoza kwa watoto, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Aliyeugua akiwa na miaka mitatu na kufariki akiwa na sita ametumia nusu ya umri wake kwenye matibabu. Katika matibabu hayo zimo dawa za steroidi, prednisoloni na deksamethasoni, ambazo huvimbisha uso, huleta njaa isiyoshiba, hukosesha usingizi na kumfanya mtoto awe mkali au alie bila sababu. Mabadiliko ya tabia huanza siku chache baada ya dozi na mara nyingi hupungua dozi ikishaisha. Mzazi asiyeelezwa hili hubaki akiamini kwamba mwanawe aliharibika tabia mwishoni, na kwamba yeye alitumia wiki za mwisho kumgombeza. Aambiwe kwamba ilikuwa dawa, hata kama msiba una miaka miwili. Kumwambia tu "usijilaumu" hakumsaidii. Kumwonyesha tarehe za dozi kwenye kadi ya kliniki, sambamba na tarehe za zile ghasia, kunamsaidia.

Kwa hiyo picha za uso uliovimba zisitupwe wala zisifichwe. Zipangwe na nyingine kwa tarehe, na nyuma ya kila moja paandikwe kwa penseli laini: mwaka, mwezi, mahali, na kama ilikuwa wiki ya dawa. Wino wa kalamu hupenya na kutia doa upande wa pili. Kama karatasi ya picha inateleza na penseli haishiki, andika kwenye bahasha yake kabla hujaitia picha ndani. Zile bangili za hospitali na vipande vya karatasi vilivyochapwa kwa joto, kama risiti, hufifia vikawa vyeupe. Vipigwe picha au vitolewe nakala mapema.

Kinachofuata kuharibu ni masimulizi ya pamoja. Watu wakikaa kumzungumzia marehemu, mwenye sauti kubwa husimulia, wengine huitikia, na baada ya miezi michache yale masimulizi yake ndiyo yanayobaki kwa wote. Ndiyo maana tunashauri kila mtu aandike peke yake kabla ya kukutana: bibi, mwalimu, muuguzi wa zamu ya usiku, mtoto wa jirani. Asiyejua kuandika arekodiwe. Kila mmoja aombwe mambo matano au sita, yasiwe sifa. Alisemaje hasa, neno kwa neno? Neno gani alilitamka vibaya na hakukubali kusahihishwa? Alifanya nini akikasirika? Alimwonea nani? Aliogopa nini? Michezo yake ilikuwa na sheria gani, na alizibadilisha lini ili ashinde? Mtu akiandika "alikuwa mchangamfu", arudishiwe karatasi na kuulizwa: ulimwona akifanya nini? Atakumbuka kwamba mtoto alikuwa akificha kiatu kimoja cha kila mgeni ili mgeni asiondoke. Huyo ndiye mtoto mwenyewe. Maelezo yakipingana yaachwe yalivyo, pasiwe na mtu wa kuyasawazisha.

Sauti ndiyo hupotea vibaya zaidi, kwa sababu kila mtu hudhani ipo kwenye simu. Simu huibwa, huanguka, hubadilishwa. Jumbe za sauti za WhatsApp hufutika pale mtu aliyewasha ujumbe wa kutoweka anaposahau, na laini isiyotumika kwa muda inaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Wiki ya kwanza ya msiba mtu mmoja mwenye utulivu akabidhiwe kazi hii tu. Azihamishe jumbe zote za sauti na video kwenda kompyuta, atengeneze nakala tatu katika aina mbili za vifaa, kwa mfano diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni, na nakala moja ikae nyumba nyingine kabisa. Flashi isiachwe peke yake na kazi hiyo. Ikikaa miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza kilichomo. Siku moja kila mwaka faili zifunguliwe kuona kama bado zinacheza.

Faili za sauti za WhatsApp huja katika umbo la opus, ambalo vifaa vingi havilichezi. Tengeneza nakala ya MP3, lakini ile ya asili usiifute. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kilichomo: 2023-08-14-anaimba-bafuni. Zikiandikwa hivyo hujipanga zenyewe. Ndugu wanaotuma picha na video waombwe wazitume kama faili, wasizitume kama picha za kawaida, kwa sababu programu za ujumbe hupunguza ubora ili zipite haraka. Wasikate wala kusafisha kelele za nyuma. Na waambiwe watafute hata video ambazo mtoto haonekani: sherehe ya binamu, mashindano ya shule, mtu anajaribu kuonyesha jiko jipya. Mtoto machachari husikika nyuma ya kila video ya ukoo, akiita, akicheka, akiambiwa anyamaze. Mara nyingi hapo ndipo sauti yake ya kweli ilipo, maana hakujua anarekodiwa.

Alama ya mkono ni ya wakati mtoto yupo hai, na ifanywe kama mchezo wa watoto wote wa nyumba ili yeyote asiione kama maandalizi ya kifo. Njia rahisi ni wino wa mhuri unaotoka kwa maji. Paka safu nyembamba, weka kiganja kwenye karatasi ukianzia chini karibu na kifundo, bingirisha kuelekea vidoleni, inua wima. Wino ukizidi, mistari ya kiganja huzibwa na kinachobaki ni doa lenye umbo la mkono. Fanya karatasi tatu au nne, moja itatoka vizuri.

Wanaotaka umbo kamili watumie unga wa aljineti, ule ambao madaktari wa meno huchukulia alama za meno. Changanya na maji ya baridi kiasi, kwa vipimo vya pakiti. Maji ya moto huufanya ugande kabla mkono haujaingia. Mkono ukae ndani dakika mbili au tatu bila kutikisika. Kwa mtoto asiyetulia hilo ni ombi kubwa, hivyo mwache ashike mkono wa mama au baba, yote miwili iingie pamoja. Akiwa ameshika mtu hutulia, na umbo linalopatikana ni zuri kuliko la mkono mmoja. Ukiganda, achezeshe vidole polepole hewa iingie, kisha autoe. Mimina plasta ya jasi ndani ya nusu saa, kwa sababu aljineti hupoteza maji na kusinyaa. Plasta ni takriban sehemu mbili za unga kwa moja ya maji. Nyunyizia unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga, uache ulowe dakika moja, ukoroge taratibu usitie mapovu. Mimina kidogo kwanza, zungusha ili ifike ncha za vidole, ndipo ujaze. Hewa ikinaswa humo, vidole hutoka bila ncha. Subiri saa moja kabla ya kumenya, na siku kadhaa ikauke kabla ya kupaka rangi.

Mkono wa mtu usitiwe moja kwa moja kwenye plasta yenyewe, kamwe. Plasta ikiganda hutoa joto linaloweza kupita nyuzi 60, na mkono hunaswa ndani bila njia ya kutoka. Nchini Uingereza mwaka 2007 mwanafunzi alipoteza vidole kwa kosa hilo hilo. Na kama mtoto ana kanula, ule mrija mdogo wa dripu mkononi, au kidonda, tumia mkono mwingine, baada ya kumuuliza muuguzi.

Nywele kwa kawaida huanza kudondoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza ya dawa kali. Anayetaka kishungi akikate kabla ya hapo, akifunge kwa uzi na kukitia kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hushika unyevu.

Kwa nguo mambo ni kinyume. Kosa linalotokea zaidi ni la jamaa mwenye nia njema anayefua kila kitu siku ile ile ili wazazi wasione. Harufu ya mtoto ikishafuliwa hairudi tena. Kabla ya chochote kufuliwa, chagua vipande viwili alivyovaa karibuni, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki laini wa kubana mdomo, toa hewa, viweke gizani mahali pasipo joto. Mfuko mmoja ni wa kufunguliwa, kwa sababu utafunguliwa tu. Wa pili uachwe. Dawa ya nondo isikaribie hapo, itameza harufu yote. Nguo nyingine zifuliwe, zisuuzwe sana, zisitiwe wanga, zikauke kabisa ndipo zikunjwe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba. Madoa ya chakula na jasho yakiachwa hugeuka manjano na kuita wadudu. Michoro ya kalamu za rangi hufifia ikiangikwa kwenye mwanga, hivyo piga picha, angika nakala, na mchoro wenyewe uufiche.

Ndugu zake waliobaki ndio wanaosahauliwa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi hajui kwamba kifo hakina kurudi. Ataambiwa leo, na kesho atauliza kaka anarudi lini. Jibu liwe fupi na lile lile kila mara: mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi. Imani ya familia isemwe pia, lakini baada ya ukweli huo wa mwili. "Amelala" huzaa mtoto anayeogopa kitanda. "Amesafiri" huzaa anayelia kila baba akibeba mkoba. "Mungu huwachukua walio wazuri" tumesikia kumezaa mtoto aliyeamua kuwa mbaya kwa makusudi, na akilini mwake hoja ilikuwa timilifu. Kati ya miaka mitano na tisa hivi wengi hujihukumu kimyakimya: nilimpiga, nilisema sitaki kucheza naye tena, ndiyo maana. Usingoje aseme, maana huenda asiseme. Mwambie kwamba saratani haiambukizi na haisababishwi na maneno, ngumi wala mawazo ya mtu. Kisha jiandae kulieleza upya akiwa na miaka kumi, na tena kumi na tano, kwa sababu kila akikua huelewa sehemu ambayo hakuielewa mwanzo.

Kwa ndugu hao, hadithi za utundu ni msaada mkubwa. Marehemu akigeuzwa mtakatifu, aliyebaki hana namna ya kushindana naye. Akisikia kwamba kaka yake alimwaga rangi kwenye sofa na kumsingizia paka, anapumua.

Shuleni, mwalimu awaambie wanafunzi siku ya kwanza, kwa jina na kwa sababu ya kifo, la sivyo watajitungia yao. Dawati lisiondolewe usiku ili wakute pengo asubuhi. Darasa lishirikishwe kuamua. Madaftari yakabidhiwe wazazi yakiwa kamili, pamoja na kurasa zenye alama za makosa na michoro pembeni. Na mtu mmoja wa familia azipigie simu ofisi zote zenye jina la mtoto kwenye orodha, yaani shule, kliniki na bima, ili mama asije akapokea ujumbe wa kumkumbusha tarehe ya kipimo cha damu miezi miwili baada ya mazishi. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa yale ya kufanya kwa jina la mtoto. Wengi hukimbilia kununua midoli ya manyoya na maua kupeleka wodini. Wodi nyingi haziyapokei: manyoya hushika vumbi na ni shida kuyasafisha, maji ya maua hufuga bakteria, na watoto waliomo kinga yao imeshuka. Hata midoli ya mpira ya kuogea, ile yenye tundu, huota ukungu ndani. Uliza kwanza. Mara nyingi utaambiwa kinachohitajika ni damu.

Dawa za saratani huzuia uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, kutengeneza damu, na chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja, hushuka sana. Chembe hizo huhifadhiwa siku tano hadi saba tu, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote. Chembe nyekundu hukaa wiki tano au sita. Kwa hiyo watu 60 wakija kuchangia siku moja ya kumbukumbu, wiki ya tatu benki ya damu haina tena chembe sahani zao. Kinachofaa ni zamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mapumziko ya wiki 12 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke kati ya uchangiaji mmoja na mwingine. Kundi la watu 16, mmoja kila wiki, linajizungusha lenyewe mwaka mzima bila kumwonea yeyote. Ongeza wanne wa akiba, maana kila mzunguko kutakuwa na mwenye malaria, aliyesafiri, na ambaye kipimo kimeonyesha damu yake haitoshi. Orodha iwe na mtu mmoja wa kukumbusha. Bila yeye kundi hufa kwenye mzunguko wa pili.

Kama ni mfuko wa fedha, amueni kabla ya kupokea chochote: ni wa nini hasa, nani wawili wanatia saini, na utafungwa lini. Mfuko usio na tarehe ya kufungwa huwageuza wazazi kuwa wahasibu wa msiba wao wenyewe.

Kuna neno moja tunaomba liachwe misibani: "mngewahi". Dalili za saratani za watoto hujificha ndani ya magonjwa ya kawaida. Homa isiyoisha, weupe wa viganja, michubuko bila kuanguka, damu za pua, maumivu ya mifupa yanayoamsha usiku, tumbo lililovimba upande mmoja, kichwa cha asubuhi kinachoambatana na kutapika, weupe unaong'aa kwenye mboni ya jicho ukipiga picha kwa mwanga wa flashi. Ukiondoa lile la jicho, karibu kila mtoto duniani amewahi kuwa na mojawapo. Zikidumu au zikiungana, mtoto apimwe, na jambo hilo lielezwe kwa sauti kubwa kwa wazazi ambao watoto wao hawaugui. Lisielekezwe kwa waliofiwa. Sehemu kubwa ya saratani za watoto haina kisababishi kinachojulikana, tofauti na za watu wazima ambazo nyingi huhusishwa na tumbaku na mengineyo. Takriban asilimia 10 tu ndizo zenye asili ya kurithi. Kinachotofautisha zaidi anayepona na asiyepona ni mahali alipozaliwa. Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wa miaka 0 hadi 19 hupata saratani. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Anayetaka kulaumu ana hapo pa kuanzia.

Cha kusema badala yake si kigumu: taja jina la mtoto na kitu kimoja alichokifanya. Mama hatakumbushwa msiba kwa kusikia jina, hakuwa ameusahau. Baba naye aulizwe habari zake mwenyewe, asiulizwe tu mkewe anaendeleaje. Na mje mwezi wa tatu, simu zikishanyamaza.

Mhariri, gazeti lina nafasi yake. Kurasa zenu hujaa makala za saratani za watoto Februari 15, siku ya kimataifa ya saratani ya watoto, na Septemba, mwezi wa kuhamasisha kuihusu, kisha kimya. Tunapendekeza fomu yenu ya tanzia za watoto iongezwe maswali matatu: alikuwa akisema nini mara kwa mara, alikuwa akifanya nini ambacho hakikuruhusiwa, na nani alikuwa rafiki yake. Picha iwe ile wazazi wanayoichagua, si ile ya kitandani iliyozagaa kwenye makundi ya simu, na ichapwe na mwaka ilipopigwa. Majibu ya maswali hayo hayazidi maneno 80, na kwa hesabu yetu yanaingia kwenye safu ile ile bila kuongeza nafasi, mkiondoa "mpole", "mtiifu" na "malaika".

Wahudumu wa wodi ya saratani ya watoto
(Majina yamehifadhiwa)